Kutoka Meli ya Belgic hadi Ukumbi wa Jiji

Mnamo Oktoba 8, 1888, meli ya Belgic ilifika bandari ya San Francisco ikitoka Hong Kong. Miongoni mwa abiria wake alikuwemo kibarua wa Kichina aliyeitwa Chae Chan Ping. Hakuwa mgeni wa mji ule. Alikuwa ameishi pale miaka 12, tangu 1875, na Juni 1887, kabla ya kwenda kwao, alichukua cheti cha serikali ya Marekani kilichomruhusu kurudi. Safari nzima ya baharini alikuwa na cheti hicho. Lakini siku 7 kabla ya meli kufika, Rais Grover Cleveland alitia saini Sheria ya Scott, na kwa saini hiyo vyeti vya aina ile, karibu 20,000, vikawa havina thamani tena. Chae Chan Ping alitoa cheti chake. Mkuu wa forodha alimkataza kushuka.

Hakuna aliyesema kwamba cheti kilikuwa cha kughushi, wala kwamba mwenye cheti alikuwa na kosa. Ahadi iliyoandikwa humo ilikuwa imeondolewa, na ilipoondolewa yeye alikuwa katikati ya bahari.

Nimeanza na mtu huyu kwa sababu kesi yake imeishi muda mrefu kuliko yeye. Wachina wa Marekani na wapenzi wa jinsia moja wa nchi hiyo wote walihangaika miaka mingi ili sheria iwatambue, lakini historia zao husimuliwa kila moja peke yake, kana kwamba watu hawa hawakuwahi kukutana. Walikutana. Walikutana mahakamani, walikutana katika mji uleule wa San Francisco, na mara nyingine walikutana ndani ya familia moja. Hukumu iliyotolewa kumzuia mmoja ilikuja kumzuia mwenzake, na mlango aliousukuma mmoja ulikuja kumpitisha mwenzake.

Ahadi iliyofutwa

Wachina walianza kumiminika California baada ya dhahabu kugunduliwa huko mwaka 1848. Wengi walitoka vijiji vya Guangdong, kusini mwa China. Dhahabu ilipopungua wakashika kazi nyingine: kilimo, uvuvi, viwanda vya sigara, udobi. Zaidi ya 10,000 kati yao walijenga upande wa magharibi wa reli iliyounganisha pwani mbili za nchi, wakitoboa miamba ya milima ya Sierra Nevada hata wakati wa theluji. Reli ikakamilika 1869. Miaka michache baadaye uchumi uliyumba, watu wakakosa kazi, na lawama ikatafutiwa wa kubebeshwa. Denis Kearney, mwanasiasa aliyekuwa mwenyewe mhamiaji kutoka Ireland, alihutubia viwanjani akidai Wachina waondoke.

Sheria zikafuatana. Mwaka 1875 Sheria ya Page iliwabana wanawake wa Kichina kwa kisingizio cha kuzuia ukahaba, na mitaa ya Wachina ikabaki na wanaume karibu watupu. Mwaka 1880 California ilikataza mzungu kupewa leseni ya kuoana na "Mmongolia", neno ambalo humo lilikuwa na maana ya Mchina. Mei 6, 1882, Rais Chester Arthur alitia saini sheria iliyowazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini kwa miaka 10, na iliyozikataza mahakama kuwapa Wachina uraia. Miaka 10 hiyo ilikuja kuwa 61.

Kesi ya Chae Chan Ping iliangukia katikati ya mambo haya. Ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu ikasomwa Mei 13, 1889. Jaji Stephen Field aliandika kwa niaba ya wenzake wote. Alikubali kwamba Sheria ya Scott ilikwenda kinyume na mikataba ambayo Marekani ilikuwa imetiliana saini na China. Hata hivyo, alisema, kuamua ni mgeni gani aingie na nani asiingie ni mamlaka ya taifa lolote lililo huru, na Bunge likishaamua, mahakama haina la kuongeza. Cheti kilikuwa ruhusa tu, na aliyetoa ruhusa aweza kuiondoa wakati wowote. Chae Chan Ping akarudishwa China.

Miaka mitatu baadaye ikaja Sheria ya Geary ya 1892. Kila kibarua wa Kichina aliyekuwemo nchini alitakiwa kujiandikisha na kupata cheti cha ukaazi. Aliyekamatwa bila cheti alikabiliwa na kufukuzwa nchini, na akitaka kujitetea ilimbidi alete walau shahidi mmoja mwaminifu ambaye ni mzungu. Msomaji wa Kenya aliyesimuliwa na babu yake habari za kipande, kile cheti ambacho wanaume Waafrika walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, hahitaji kuelezwa zaidi. Umoja wa Wachina wa San Francisco, uliojulikana kama Kampuni Sita, uliwaambia watu wasijiandikishe, na walio wengi wakatii. Waligoma kwa pamoja, kwa utulivu, wakijua gharama yake. Kesi ya Fong Yue Ting ikapelekwa Mahakama ya Juu, na mwaka 1893 wakashindwa: mamlaka ya kuzuia mlangoni, mahakama ikasema, ndiyo hiyohiyo mamlaka ya kumtoa aliyekwisha ingia. Jaji Field safari hii alikuwa upande wa walioshindwa. Aliandika kupinga, akaona kwamba watu waliokwisha kukaa nchini hawapaswi kutendewa hivyo. Lakini hoja aliyoiachia mwaka 1889 ilikuwa imekwisha kushikwa na wengine.

Dobi na mtoto wa Mtaa wa Sacramento

Wachina hawakushindwa kila walipokwenda mahakamani, na ushindi wao nao ulibaki vitabuni.

Baraza la jiji la San Francisco lilikuwa limetunga kanuni mwaka 1880: anayefanya udobi katika jengo la mbao sharti aombe kibali. Mji ulikuwa na madobi wapatao 320, na karibu wote walikuwa katika majengo ya mbao. Wachina zaidi ya 200 waliomba kibali wakanyimwa. Wasiokuwa Wachina waliomba wakapewa, isipokuwa mmoja tu. Dobi aliyejulikana kwa jina la duka lake, Yick Wo, alikuwa amefua nguo mahali pamoja kwa miaka 22, na wakaguzi wa moto walikuwa wameridhika na jengo lake. Alitozwa faini ya dola 10, akakataa kulipa, akafungwa. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ilimpa haki. Ilisema sheria yaweza kuandikwa kwa maneno yasiyo na ubaguzi, lakini ikitekelezwa kwa jicho baya na mkono usio sawa, inavunja Marekebisho ya 14 ya Katiba. Na Marekebisho hayo, mahakama ikaongeza, humlinda kila mtu aliye chini ya sheria za nchi, awe raia au asiwe.

Wa pili alikuwa kijana mpishi, Wong Kim Ark. Alizaliwa San Francisco mwaka 1873, ghorofani juu ya duka la wazazi wake, nambari 751 Mtaa wa Sacramento. Alipokwenda China kuona jamaa mwaka 1894 alijua hali ilivyo, akabeba karatasi iliyothibitishwa na mashahidi wazungu kwamba ndiye yeye na kwamba amezaliwa pale. Alirudi Agosti 1895 katika meli ya Coptic. Mkuu wa forodha alisema yeye si raia, kwa kuwa wazazi wake ni Wachina. Akazuiliwa miezi kadhaa majini, akihamishwa kutoka meli moja hadi nyingine, mji aliozaliwa ukiwa mbele ya macho yake. Machi 28, 1898, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia wa Marekani, hata kama sheria inawakataza wazazi wake kuupata uraia huo.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa karne ya 19, Wachina wachache wa mji mmoja, wengi wao wasiokuwa na haki ya kupiga kura, walikuwa wameiachia Marekani urithi wa aina mbili. Kulikuwa na hukumu ya Chae Chan Ping, inayosema Bunge laweza kumfungia mlango limtakaye. Na kulikuwa na hukumu za Yick Wo na Wong Kim Ark, zinazosema kila aliye ndani ni mtu mbele ya Katiba. Kila mnyonge aliyefuata alikuta zote mbili zikimngoja.

Nyumba ina madirisha mangapi?

Aprili 18, 1906, tetemeko la ardhi liliiangusha San Francisco, na moto ukala kilichobaki. Ukumbi wa Jiji ulibomoka, na daftari za vizazi zikateketea. Tangu siku hiyo Mchina aliyesema "nilizaliwa hapa" hangeweza kuthibitisha, na serikali isingeweza kukanusha. Wengi walidai uraia. Kisha, kwa kuwa mtoto wa raia naye ni raia, waliorudi kutoka China waliandikisha wana waliozaliwa huko, na nafasi za wana wengine, wasiokuwepo, zikauzwa kwa vijana wa vijijini. Vijana hao waliitwa wana wa karatasi. Mtu aliacha jina la ukoo wake, akachukua jina la baba wa karatasi, akaishi nalo maisha yake yote na kulirithisha wajukuu.

Serikali ilijibu kwa maswali. Kuanzia 1910 abiria wa Kichina walipelekwa kwenye kituo cha Kisiwa cha Angel, ndani ya ghuba ya San Francisco. Humo chumbani alikaa mkaguzi, mkalimani na mpiga chapa, na kijana akaketishwa mbele yao. Nyumba yenu ina madirisha mangapi? Kisima cha kijiji kiko upande gani? Pipa la mchele huwekwa wapi? Nyumba ya tatu katika safu yenu ni ya nani, na ana watoto wangapi? Kisha baba huulizwa maswali yaleyale katika chumba kingine. Majibu yakipishana, kijana hurudishwa. Wengine walikariri kutoka kwenye vijitabu ambavyo walivitupa baharini kabla meli haijafika. Hata mtoto wa kweli wa baba wa kweli aliweza kushindwa, kwa sababu nani huhesabu madirisha ya nyumba aliyokulia? Walisubiri wiki kadhaa, na wengine miezi, na kuta za mbao za mabweni wakazichonga mashairi. Zaidi ya 200 yamehifadhiwa. Kituo kilifungwa 1940, na mwaka 1970, kilipokuwa karibu kubomolewa, mlinzi wa hifadhi aliyapitia maandishi yale na kutambua thamani yake.

Mwaka 1943 China ilikuwa mshirika wa Marekani vitani, na sheria ya kuwazuia Wachina ikaonekana aibu. Bunge liliifuta Desemba mwaka huo. Wachina wakaruhusiwa kuomba uraia, na nafasi za kuingia zikawa 105 kwa mwaka.

Mwenzio akinyolewa

Vita hivyo vilileta watu wengine katika bandari ileile. San Francisco ilikuwa lango la askari waliokwenda na kurudi kutoka Pasifiki. Waliogunduliwa kuwa mashoga au wasagaji walifukuzwa jeshini kwa hati ya aibu, na wengi waliona heri kubaki mjini humo kuliko kurudi kijijini na hati hiyo mfukoni. Jamii ikaanza kujengeka kwenye baa na nyumba za kupanga. Mwaka 1951 Mahakama Kuu ya jimbo la California iliamua, katika kesi ya baa iliyoitwa Black Cat, kwamba baa haiwezi kunyang'anywa leseni kwa sababu tu wateja wake ni mashoga. Mwaka 1955 Del Martin na Phyllis Lyon, wakiwa na wenzao, walianzisha Daughters of Bilitis, chama cha kwanza cha wasagaji nchini Marekani.

Lakini sheria za uhamiaji zilikuwa zinakwenda njia nyingine. Mwaka 1952 Bunge lilipitisha Sheria ya McCarran na Walter. Sheria hiyo iliondoa kizuizi cha rangi katika kupata uraia, jambo lililowafurahisha Wajapani na Waasia wengine waliokuwa bado wamebaki nje. Sheria hiyohiyo ikakataza kuingia kwa watu wenye "haiba ya wendawazimu", na wabunge walieleza kwamba maneno hayo yanawahusu wapenzi wa jinsia moja. Mahakama ya rufaa ya San Francisco ilipoona maneno hayo hayaeleweki vya kutosha, Bunge likaongeza mengine yaliyo wazi zaidi. Nyongeza hiyo iliingizwa katika sheria ya uhamiaji ya 1965, ile iliyofuta migawo ya kibaguzi na kuwafungulia Wachina mlango kwa kweli, kwa mara ya kwanza tangu 1882. Karatasi moja, saini moja: huku mlango unafunguliwa, huku unakomelewa.

Clive Michael Boutilier alikuwa Mkanada. Aliingia Marekani mwaka 1955 akiwa na miaka 21, na mama yake, baba wa kambo na ndugu zake watatu walikuwa wakiishi huko. Mwaka 1963 aliomba uraia, na kwa uaminifu akaeleza kwamba aliwahi kukamatwa kwa kosa la mapenzi ya jinsia moja, kesi iliyofutwa. Akaitwa, akahojiwa juu ya maisha yake ya faragha tangu ujana. Hakuulizwa madirisha ya nyumba yao wala kisima cha kijiji. Aliulizwa alilala na nani, lini, mara ngapi. Majibu yake yakawa ushahidi wa kumfukuza.

Mei 22, 1967, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba afukuzwe. Bunge, ikasema, lina mamlaka kamili ya kuamua nani aingie na kuwakataa wenye sifa ambazo limezikataza. Na ili kuonyesha mamlaka hayo yametoka wapi, mahakama ikataja kesi moja ya zamani. Ilikuwa kesi ya Chae Chan Ping.

Wahenga walisema mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Mwaka 1889 wazungu wa California waliposhangilia kwamba Mchina amekomeshwa, hakuna aliyedhani kwamba miaka 78 baadaye hukumu ile ingemshika kijana wa Kanada, mzungu kama wao, mwenye mama na ndugu nchini humo. Wembe ulikuwa umekwisha kunolewa, nao haukuandikwa jina la kichwa kimoja.

Barua ya 1975

Katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, karani wa kaunti aitwaye Clela Rorex aliangalia sheria za ndoa za jimbo mwaka 1975 na kuona kwamba hazikatazi watu wa jinsia moja. Akatoa leseni 6 kabla ya kuzuiwa. Moja waliipata Richard Adams na Anthony Sullivan, waliofunga ndoa Aprili 21. Adams alikuwa raia wa Marekani mzaliwa wa Ufilipino. Sullivan alikuwa Mwaustralia, na viza yake ilikuwa inakwisha. Adams akamwombea mwenzake ukaazi, kama mume au mke yeyote angefanya.

Jibu la idara ya uhamiaji lilikuja Novemba. Lilikuwa sentensi moja fupi iliyowaambia kwamba wameshindwa kuthibitisha kuwa ndoa ya kweli yaweza kuwepo kati ya watu wawili kama wao, na neno lililotumika kuwataja lilikuwa tusi la mtaani, limepigwa chapa juu ya karatasi ya serikali. Walishtaki. Mwaka 1982 mahakama ya rufaa iliwakatalia, ikiegemea yale mamlaka mapana ya Bunge juu ya wageni. Mwaka 1985 wakarudi mahakamani kuomba walau Sullivan asifukuzwe, kwa kuwa kuwatenganisha ni dhiki kubwa. Wakashindwa tena. Hukumu hiyo iliandikwa na jaji wa rufaa aitwaye Anthony Kennedy. Waliondoka Marekani, wakatangatanga Ulaya karibu mwaka mzima, kisha wakarudi kimya kimya na kuishi Los Angeles kwa kujificha. Wana wa karatasi wangewaelewa.

Wakati huo San Francisco ilikuwa imebadilika. Novemba 1977 wapiga kura waliwachagua wajumbe wa baraza la jiji kwa mitaa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mtaa wa Castro ulimpeleka Harvey Milk, shoga aliyejitangaza waziwazi. Uchaguzi huohuo ulimpa kiti Gordon Lau, Mmarekani wa asili ya Kichina wa kwanza kuchaguliwa katika baraza hilo, baraza lililowahi kuwanyima madobi vibali. Milk alikaa kitini miezi 11. Novemba 27, 1978, yeye na Meya George Moscone waliuawa kwa risasi ndani ya Ukumbi wa Jiji na aliyekuwa mjumbe wa baraza.

Vizuizi vikaanza kulegea. Mwaka 1979 mganga mkuu wa serikali alitangaza kwamba madaktari wake hawatawapima tena wageni kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja, maana si ugonjwa. Mwaka 1990 Bunge liliondoa kabisa kizuizi hicho, kikiwa kimedumu miaka 38. Mwaka 1994 kesi ya Mkuba mmoja ilifanywa kuwa mwongozo: anayeteswa kwao kwa sababu ya kuwa shoga aweza kupewa hifadhi. Tangu hapo watu wa nchi nyingi wamebisha hodi kwa njia hiyo, wakiwemo waliotoka Uganda.

Mvua na maua

Mwaka 1948 mahakama kuu ya California ilikuwa imefuta sheria iliyokataza ndoa za wazungu na watu wa rangi nyingine. Walioshtaki walikuwa Andrea Perez, mwenye asili ya Meksiko, na Sylvester Davis, mtu mweusi. Jaji Roger Traynor alisema kiini cha haki ya kuoa ni kumwoa umchaguaye, na kwamba mtu habadilishwi na mwingine kama vile kubadilisha gari moshi. Kesi yao iliwafungulia na Wachina. Miaka minne baadaye binti mmoja wa Kichina alifunga ndoa na mzungu huko California. Mtoto wao ni Stuart Gaffney.

Februari 12, 2004, Meya Gavin Newsom aliagiza makarani wa San Francisco watoe leseni za ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja. Wa kwanza walikuwa Del Martin na Phyllis Lyon, vikongwe waliokuwa pamoja miaka 51. Habari zilisambaa. Gaffney na mwenzake John Lewis walikimbilia Ukumbi wa Jiji siku hiyohiyo, wakaoana. Mwisho wa wiki mvua ilinyesha, na foleni ikauzunguka ukumbi. Watu walilala nje chini ya miavuli na mifuko ya plastiki, wengine na watoto wao, wasiipoteze nafasi. Ndipo wauza maua wakaanza kufika na mashada yaliyolipiwa kwa simu na watu wa majimbo ya mbali, wasiomjua hata mmoja pale. Maagizo yalikuwa wapewe wachumba wowote walio kwenye foleni.

Karibu ndoa 4,000 zilifungwa kabla ya mahakama kusimamisha shughuli Machi 11. Agosti ndoa zote zikatangazwa batili, na serikali ikawatumia wenyewe barua za kuwaarifu. Vyeti vilivyotolewa kwa mkono wa serikali vikawa havina thamani, kama kile cha mwaka 1888.

Siwezi kusema kwamba Wachina wote walisimama upande mmoja. Aprili mwaka huohuo maelfu ya Wakristo wa asili ya Kichina walikusanyika mjini humo kupinga ndoa hizo, kwa imani waliyoishika kwa dhati. Lakini kesi ilipofika mahakama kuu ya jimbo, makumi ya mashirika ya Wamarekani wa asili ya Asia yalipeleka hoja za kuwaunga mkono walioshtaki. Waliikumbusha mahakama yaliyowapata wazee wao: wanawake waliozuiwa bandarini, ndoa zilizokatazwa, raia wa kike walionyang'anywa uraia wao kwa kuolewa na Mwasia. Waliandika kwa kuwa walikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo waliiona ni deni.

Gaffney na Lewis walikuwa miongoni mwa walioshtaki. Mei 15, 2008, mahakama iliamua kwa kura 4 dhidi ya 3 kwamba wana haki ya kuoana, na hoja iliyobeba hukumu ilikuwa ya Perez. Kesi iliyowaruhusu wazazi wa Gaffney kuoana ndiyo iliyomruhusu na mtoto wao. Juni 16 Del na Phyllis walifunga ndoa mara ya pili. Del alifariki Agosti 27, akiwa mke halali. Novemba wapiga kura wa jimbo wakaipiga marufuku tena ndoa hiyo, na kesi zikaendelea hadi Juni 26, 2015, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoihalalisha nchi nzima kwa Marekebisho ya 14, yaleyale ya Yick Wo na Wong Kim Ark. Mwandishi wa hukumu hiyo alikuwa Jaji Anthony Kennedy, miaka 30 baada ya kuwakatalia Adams na Sullivan.

Kilichobaki vitabuni

Radhi zilikuja zikiwa zimechelewa. Mwaka 2011 na 2012 mabaraza mawili ya Bunge yalitamka kusikitikia sheria zilizowazuia Wachina. Mwaka 2014 mkuu wa idara ya uhamiaji alimwandikia Anthony Sullivan barua ya kuomba radhi kwa ile ya 1975. Ombi lake la zamani lilifunguliwa upya, likakubaliwa, na mwaka 2016 akapata kadi ya ukaazi wa kudumu kama mjane wa raia. Richard Adams alikuwa amefariki Desemba 2012. Mwaka 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria inayolinda ndoa za jinsia moja na ndoa za watu wa rangi tofauti, zote kwa pamoja, ndani ya sheria moja.

Hata hivyo Januari 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wasio na kibali cha kudumu. Majaji waliizuia, na jina la mpishi wa Mtaa wa Sacramento likarudi vinywani mwa mawakili, likiwa ngao ya watoto ambao wengi wao si Wachina.

Na Chae Chan Ping je? Wasomi wameilaumu hukumu yake miaka mingi, lakini Mahakama ya Juu haijawahi kuifuta. Bado inasomwa katika vyuo vya sheria, na bado ni msingi wa mamlaka ya serikali juu ya wageni. Iliandikwa kwa ajili ya kibarua mmoja aliyesimama juu ya meli na cheti chake mkononi. Boutilier hakumjua, Sullivan hakumjua. Walikuja kumjua siku walipoambiwa hawana haki ya kubaki.